Macho Bila Mikono

Boksi lilifika Jumatano saa nne asubuhi, limezungushiwa utepe wa manjano hadi likafanana na mtu aliyevunjika mbavu. Wakhisi, fundi wa kulehemu, alilipasua kwa kisu cha mkate, maana kisu cha kazi kilikuwa kimepotea tangu Pasaka. Akatoa bodi ya kwanza ya umeme, akaipangusa kwenye suruali, akaiinua penye mwanga wa mlango. Karakana yao iko Otonglo, kando ya barabara ya Busia, na mwanga wa pale mlangoni unashinda taa zote za ndani.

Wakhisi akakunja uso. Kisha akacheka.

"Mzee Joram, kuja uone. Tumehamishwa bila notisi. Hapa si Otonglo tena. Hapa ni Olgnoto."

"Ati nini?"

"Olgnoto. Soma mwenyewe. Hili ni jina la mchezaji wa Brazili, namba tisa."

Mzee Joram Ooko, mchoraji wa bodi zote za karakana ile, aliinuka kwenye kiti chake chenye mto uliofumwa na mkewe. Akaja polepole, akaipokea bodi, akaisogeza karibu na pua. Kicheko cha Wakhisi kikafa chenyewe. Kama jina la karakana, Otonglo, lilisomeka kinyumenyume, basi kila kitu kwenye uso ule kilikuwa kinyume. Njia za shaba zilizotakiwa kwenda kulia zilikwenda kushoto, na matundu hayakukutana na njia zake. Bodi mia moja na ishirini za kuongozea friji za samaki, na hakuna hata moja ambayo ingewasha taa.

Kwenye meza ya pembeni, karibu na dirisha, Metrine hakugeuza kichwa. Hakuhitaji kuziona herufi zile. Alikuwa amezibeba kifuani wiki tatu nzima.

Metrine alikuwa msichana wa Kimilili, mpole, mwenye sauti ya kuombwa irudiwe. Alisomea umeme wa mitambo midogo chuoni, akamaliza vizuri, kisha akakaa mwaka mzima kwa shangazi yake Nyalenda akiogopa kuomba kazi. Karakana ya Bwana Waliaula ilipomchukua, alipewa kazi iliyomfaa kama kiatu cha kupimiwa. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama.

Bodi huchorwa kwenye kompyuta, na mchoro ukishakamilika hugeuzwa kuwa faili nyingine, zile ambazo mashine za kiwanda cha ng'ambo huzielewa. Mchoraji anaweza kuchora vyema kabisa, halafu kosa likaingia pale faili zinapotolewa. Akitazama mchoro wake haoni kitu, kwa sababu mchoro wake hauna ila. Kosa limo kwenye zile faili za kiwanda. Ndipo inapohitajika programu ya kuzifungua na kuonyesha kile ambacho kiwanda kitakiona: tabaka la juu, tabaka la chini, matundu, maandishi. Programu ile haiongezi wala haipunguzi. Huwezi kusogeza hata nukta moja. Unatazama, unapima, unafunga.

Mzee Joram aliipa jina. Aliiita Macho Bila Mikono.

"Hiyo ni kazi ya Metrine," alipenda kuwaambia wageni. "Msomi wetu. Yeye anatazama tu, hashiki kitu. Mimi ndiye mwenye mikono, na mikono yangu ina miaka sitini na tatu."

Metrine aliipenda programu ile kuliko alivyoweza kueleza. Mtu anayetazama bila kushika, aliwaza, hawezi kuharibu chochote. Hapakuwa na kazi salama kuliko hiyo duniani.

Juu ya meza ya Mzee Joram palibandikwa karatasi aliyoiandika Bwana Waliaula kwa kalamu nene: KINYOZI HAJINYOI. Maana yake ilijulikana na wote. Aliyechora hajikagui. Akimaliza, anampelekea Metrine faili, na hazitoki karakanani mpaka Metrine aseme neno moja, "Nimeona." Neno hilo lilikuwa muhuri wao.

Na hilo ndilo neno lililoharibu kila kitu.

Ilikuwa Ijumaa, wiki tatu kabla ya boksi kufika. Metrine alikuwa ameomba ruhusa aende kwao Kimilili, dada yake Naswa alikuwa anaolewa kesho yake. Saa tisa alasiri alikuwa amepiga magoti kando ya karai, anaosha sahani za kuazima, povu limefika kwenye viwiko. Simu ikalia ndani ya mfuko wa leso. Akajifuta kidole kimoja, akaichungulia. Mzee Joram: *Nyara, faili za bodi ya friji hizi hapa. Ukishaona niambie nitume.*

Nyara. Binti yangu. Mzee hakuwa amemzaa, lakini hakuwahi kumwita vingine.

Metrine aliona meseji imefika. Kwa kidole kilekile kimoja akajibu kama watu wote wanavyojibu, kama anavyomjibu shangazi yake akitumwa nyanya, kama anavyojibu kwenye kundi la kwaya: *Nimeona.* Alimaanisha, nimepata meseji yako, nitazitazama nikirudi. Akarudisha simu kwenye leso, akachukua sahani nyingine.

Jumanne alirudi kazini. Akawasha laptopu, akafungua Macho Bila Mikono, akaziingiza faili za Mzee. Tabaka la juu lilipojichora kwenye skrini, jina la karakana likamtazama kutoka pembeni: OLGNOTO.

Alielewa hapohapo. Wiki ile Mzee alikuwa ametengeneza bodi moja ya majaribio kwa njia ya zamani, ya kuchapa mchoro kwenye karatasi na kuubandika juu ya shaba kwa pasi ya moto. Kwa njia hiyo lazima uugeuze mchoro wa juu, kama muhuri unavyochongwa kinyume. Akatia alama kwenye kiboksi cha kugeuza, akasahau kuiondoa. Jambo dogo. Ndiyo maana pakawa na mtu wa kutazama.

Metrine akainuka, karibu kwa furaha, maana alikuwa amepata kosa na kupata makosa ndiyo kazi yake. Akafika kwenye meza ya Mzee, akafungua mdomo.

"Nyara, umerudi," Mzee akasema. Alikuwa anamenya ndizi. Akaikata katikati, akampa nusu. "Harusi ilikuwaje? Ile bodi ya friji niliituma Ijumaa ileile. Wewe ukisema umeona, mimi napeleka macho yangu kulala."

Nusu ya ndizi ikabaki mkononi mwa Metrine. Alitaka kusema. Neno lilikuwa moja tu: *Sikuziona.* Lakini angesemaje, na kwa Kiswahili chao Ijumaa alisema ameona? Angeonekana mwongo, au mvivu, au msichana wa chuo asiyejua maana ya neno moja. Akasema, "Asante, Mzee," akarudi kwenye meza yake na ndizi.

Kiwanda kilikuwa kimeandika kwamba kitaanza kazi Alhamisi. Siku mbili. Barua moja ya mistari miwili ingetosha kuisimamisha. Jumanne ile aliandika meseji kwa Mzee mara nne, akaifuta mara nne. Jumatano akajiambia kwamba kiwandani kuna wahandisi, wataona jina limegeuka, watauliza. Alhamisi akamwomba Mungu waulize. Ijumaa hakuomba tena, alinyamaza tu, na kila siku iliyopita ikaufanya mdomo wake kuwa mzito zaidi.

Kiwanda hakikuuliza. Kiwanda hupika kile kilicholetwa.

Basi sasa boksi limefika, na Bwana Waliaula ametoka ofisini. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa na tabia ya kushika kiuno na kuangalia dari, na hiyo ilitisha zaidi. Aliitazama bodi, akatazama dari, akauliza, "Hii nani alikagua?"

Metrine akageuka kwenye kiti. Akafungua mdomo.

"Msichana aliona," Mzee Joram akasema kabla yake. "Usimuulize huyo. Nilimtumia, akaona, akaniambia ameona. Ninayo hapa kwenye simu. Kwa hivyo alichokiona kilikuwa sawa. Ni mimi. Nitakuwa nimebonyeza kitu baadaye, nikituma. Hako ka kiboksi ka kugeuza ni kadogo kama chawa. Sikukaona." Akavua miwani, akaitazama kama mtu anayetazama mbwa wake aliyemng'ata. "Ni macho haya."

"Mzee, mtu hukosea," Wakhisi akasema.

"Mtu hukosea. Lakini mtu asiyeona hafai kuchora. Hilo ni jambo lingine."

Bwana Waliaula akamgeukia Metrine, akangoja kidogo. Ilikuwa nafasi wazi kama mlango. Metrine akatazama meza yake. Mlango ukafungwa.

Ijumaa walikwenda Asembo Bay kuwaeleza wenyewe, maana friji zilikuwa za kikundi cha akina mama wanaouza samaki pale ufukweni, na waliahidiwa kuzipata kabla ya mwisho wa mwezi. Wakhisi alibaki na kazi. Bwana Waliaula aliendesha, Mzee alikaa mbele, Metrine nyuma na bodi moja mapajani, kama ushahidi.

Mama Jacinta, mwenyekiti wa kikundi, aliwapokea kwenye banda la kupimia. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye aproni ya mpira, na mbele yake mbuta watano wakubwa walikuwa wamelazwa juu ya barafu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupanga samaki wake.

"Kwa hivyo mwezi mwingine tena," akasema.

"Wiki nne," Bwana Waliaula akasema.

"Wiki nne za kununua barafu inayoyeyuka nikiilipia. Nani alifanya hii kitu?"

"Ni mimi, Mama," Mzee Joram akasema. "Macho yangu yamechoka. Nilikuwa nimefungua macho lakini sikuona."

Mama Jacinta akamtazama, akamshika mbuta mmoja kichwani, akamgeuza uso wake umwelekee Mzee.

"Kama huyu," akasema. "Angalia, baba. Macho ametoa hivi, wazi kabisa, na haoni chochote. Wewe ni mbuta wa kwenye barafu."

Wanawake wakacheka. Hakukuwa na ubaya mwingi ndani ya kicheko kile, ni utani wa sokoni. Mzee naye akacheka kidogo, akainamisha kichwa. "Ni kweli, Mama. Mos, pole sana."

Metrine alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Aliona kola ya shati la Mzee, ilivyochakaa na kupigwa pasi kwa uangalifu. Jicho la mbuta, jeupe na la duara, halikuwa linamtazama Mzee. Lilikuwa linamtazama yeye. Akashika bodi mpaka kona yake ikamchoma kiganja. Waliporudi garini Mzee alimpa chupa yake ya maji, akasema jua la Asembo si la mtu wa Kimilili. Metrine akanywa.

Jumatatu Wakhisi alimwambia habari wakiwa wanachemsha chai.

"Unajua Mzee hakusoma jana? Somo la kwanza ni lake kila Jumapili, kanisa lote linajua. Jana akampa Biblia kijana wa Odongo. Akasema macho yake hayaaminiki, asije akawasomea watu jambo ambalo Mungu hakusema."

"Alisema hivyo?"

"Mbele ya watu. Na Jumamosi alikuwa ameenda kupimwa. Daktari amemwambia macho ni yaleyale ya mwaka jana, hayajabadilika. Mzee anasema huyo daktari ni mtoto, hajui kazi. Amejinunulia miwani mingine, mizito. Anaonekana kama bundi." Wakhisi akakoroga sukari. "Sijui nani amemwambia haoni. Mimi hajawahi kunilehemisha kitu kibaya."

Metrine alijua nani. Mzee alikuwa na mashahidi wawili, daktari mwenye mashine na msichana mwenye neno moja kwenye simu. Akamwamini msichana.

Juma lile Mzee alikaa na miwani yake mizito mbele ya kompyuta bila kuchora. Alikuwa anafungua mchoro wa friji, anautazama, anaufunga. Alikuwa akitafuta mahali alipokosea, na hakupaona, kwa sababu mchoro haukuwa na ila. Kila asipopaona akatikisa kichwa, kama ndiyo hivyo, kama ndiyo dalili yenyewe.

Jumatatu iliyofuata Bwana Waliaula aliwaita wote watatu kwenye meza kubwa. Waliomba kama kawaida, kisha akashika kiuno.

"Mzee ameniandikia barua," akasema. "Anataka kuacha kuchora. Nimemkatalia mara mbili. Ya tatu nimeshindwa. Atabaki nasi kwa redio na kurekebisha vitu vya wateja. Kuchora atashika Metrine. Chuoni alifundishwa, na kosa hajafanya hata moja tangu aje."

Hajafanya hata moja. Metrine aliyarudia maneno hayo moyoni.

Mzee Joram alikuwa tayari ameinuka. Alikwenda kwenye kiti chake, akautoa ule mto uliofumwa, akaukung'uta, akaukunja chini ya kwapa. Kisha akakipapasa kiti upande wa kushoto.

"Nyara, hapa kuna msumari unachungulia," akasema. "Usivae nguo nzuri ukikaa, utachanika. Nilikuwa nauzuia na mto. Nitakuletea kitambaa."

Kama angemlaani, labda Metrine angenyamaza. Angejificha nyuma ya laana ile kama mtu aliyeadhibiwa tayari. Lakini msumari ulimshinda. Akainuka. Hakujua aseme nini, hakuwa na mdomo wa kusema mbele ya watu, kwa hivyo akafanya lile alilojua. Akaichukua laptopu yake, akaiweka katikati ya meza, akafungua meseji ya Ijumaa ile, akazichukua faili zilezile na kuziingiza kwenye Macho Bila Mikono. Tabaka la juu likajichora taratibu.

OLGNOTO.

"Hizi ndizo alizonitumia Mzee," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, wakainama kumsikia. "Saa tisa na dakika kumi. Si za baadaye. Hakubonyeza kitu baadaye. Zilikuwa hivi tangu mwanzo."

Wakhisi akasogea. "Umezibadilisha sasa hivi?"

"Hii haiwezi kubadilisha," Metrine akasema. "Haina mikono."

Bwana Waliaula akaitazama skrini badala ya dari.

"Lakini ulimwambia umeona," akasema.

"Nilikuwa naosha sahani. Nilimaanisha nimeona meseji."

Wakhisi akatoa kicheko kifupi, akakifunika kwa mkono. Mzee Joram naye, mto ukiwa kwapani, alianza kutabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayetolewa mwiba. "Kumbe," akasema. "Kumbe ni lugha tu. Wewe umeona simu, mimi nimeona umeona. Bwana Waliaula, umesikia? Ni Kiswahili chetu hiki cha kugawana. Msichana hana kosa, na mimi..."

Angeweza kuishia hapo. Metrine aliuona mwisho ule, mzuri, laini, umetandikwa mbele yake kama mkeka. Kosa la lugha, halina mwenyewe. Wangecheka, wangekunywa chai.

"Jumanne nilizifungua," akasema.

Mzee akamgeukia.

"Jumanne niliporudi. Nikaona jina limegeuka. Nikaja kwenye meza yako nikwambie. Ukaniambia ulikuwa umetuma kwa sababu nilisema nimeona. Nikaona aibu. Kiwanda hakikuwa kimeanza, kilianza Alhamisi. Nilikuwa na siku mbili, Mzee. Sikusema."

Nje lori lilipita kwenye barabara ya Busia, na glasi za chai zikalia juu ya sinia. Mzee Joram akavua ile miwani mizito. Bila miwani uso wake ulikuwa mtupu, mdogo.

"Jumanne," akasema. "Jumanne tulikula ndizi."

"Ndiyo, Mzee."

"Na Asembo, ulikuwa umesimama pale. Kando yangu."

"Nilikuwa nimesimama."

"Ukasikia nikiitwa samaki."

Metrine aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yamefika, na alijizuia, kwa sababu aliona kulia kungekuwa kuomba kitu. Mzee hakupaza sauti. Alitia miwani mizito mfukoni mwa shati, akatoa ile ya zamani kutoka kwenye droo, akaivaa. Akarudisha mto kwenye kiti, juu ya msumari. Akaketi. Kompyuta yake ilikuwa imezimwa, akaiwasha, na wote wakasikia inavyovuta pumzi.

"Daktari hakuwa mtoto," akasema, bila kumlenga mtu yeyote.

Bwana Waliaula alimwita Metrine ofisini. Hakumfukuza. Alimwambia kiti si chake, na kwamba hajui lini kitakuwa chake. Kisha akasema, "Kule Asembo kuna watu wanaamini mzee wa watu ni kipofu. Mimi siendi kuwaambia vingine. Alhamisi utaenda wewe."

Alikwenda peke yake. Njia nzima alirudia maneno moyoni, na alipofika bandani yote yakawa yamemtoka. Mama Jacinta alikuwa palepale na aproni yake ya mpira, anasukuma kreti ya samaki kwa goti.

"Wewe ni yule msichana wa bodi," akasema. "Mmeleta friji?"

"Bado, Mama. Nimekuja kusema jambo." Wanawake wengine wakaacha kupara magamba. "Siku ile Mzee Joram alisema ni macho yake. Hayakuwa macho yake. Kazi ya kukagua ilikuwa yangu. Sikukagua, nikasema nimeona. Halafu nikaona, nikanyamaza. Mzee anaona vizuri. Hata daktari amesema."

Mama Jacinta akamtazama kutoka kiatuni mpaka kichwani, bila haraka, kama anavyomtazama samaki kabla ya kumtaja bei.

"Kumbe mbuta ni wewe," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa zito zaidi.

"Ni mimi, Mama."

"Na ulimwacha mzee wa watu ainame hapa mbele yangu. Na mimi nikamtukana, mtu wa rika la baba yangu." Akajipangusa mikono kwenye aproni. "Sasa hiyo yangu nitaipeleka wapi? Umenipa na mimi deni la aibu."

Metrine hakuwa amefikiria hilo. Aliwaza aibu ni yake peke yake, amekuja kuiweka chini. Sasa akaona imemwagikia watu, kama barafu ya siku ile, inatiririka chini ya meza na kulowesha miguu ya asiyehusika.

"Pole, Mama," akasema. Lilikuwa neno dogo, na alijua ni dogo.

"Shika upande ule wa kreti," Mama Jacinta akasema. "Umekuja na mikono, ama macho tu?"

Akashika. Kreti ilikuwa nzito, na maji ya baridi yalimwagikia viatuni. Walibeba tatu hadi kwenye gari la barafu. Kreti ya nne ikiwa njiani, simu ikalia mfukoni. Mama Jacinta akasema, "Jibu, labda ni mwenye nyumba," na hilo lilikuwa karibu utani.

Alikuwa Mzee Joram. Wiki yote hakuwa amemwandikia. Meseji ilisomeka: *Faili za bodi ya friji, nimerekebisha. Ukishaona niambie nitume.*

Hakukuwa na nyara. Metrine alitafuta mbele na nyuma ya maneno, kama mtu anayetafuta pete kwenye nyasi, halikuwepo. Kidole chake, kikiwa bado na magamba, kilikuwa tayari kimeshakwenda kwenye herufi ya kwanza ya lile neno la siku zote. Akakizuia. Akaifuta. Akaandika polepole, akisoma kila neno kabla ya kwenda kwa lingine:

*Nimepokea, Mzee. Sijaona. Niko Asembo, laptopu iko Otonglo. Nitazitazama kesho saa mbili asubuhi, nikusomee herufi moja moja. Tafadhali usitume.*

Akangoja, ameshika simu kwa mikono miwili. Alama zikageuka kuwa za buluu. Mzee aliandika, akaacha, akaandika tena. Kisha jibu likaja, neno moja:

*Nangoja.*

Metrine akarudisha simu mfukoni, akainama, akashika upande wake wa kreti.